Ile Mupira Iliingia

Kosa iko yangu. Si ya arbitre mwenye filimbi, si ya miwani yake, si ya shetani. Yangu mimi, mama mwenye batu ya mtaa banapunguza sauti bakipita mbele ya mulango yake.

Niko koko sasa, nyanya ya batu. Bajukuu yangu banajua sipendi uongo. Batu mingi nimebachapa juu ya uongo, na bengine leo iko bakubwa, banavaa kravati, na banakumbuka. Donc ile yenye naandika hapa inaniuma mara mbili.

Musinihukumu juu ya maandishi. Kusoma na kuandika nilifundishwa na basista pamoja na katekisimu, kisha nikarudi kwa samaki. Nitaandika sawa ninavyosema. Ninaomba kitu moja tu: kabla ya kunicheka, soma mpaka mwisho. Mimi, kutofika mwisho njo kuliniangusha.

Kwetu iko Kisangani, kule kwa maporomoko, kwenye bababu zetu balisimamisha miti mikubwa ndani ya mayi na kufunga mitego ya samaki. Ile miaka ya hamsini wazungu bangali banaita muji jina yao, sisi tunaita yetu, na muto ilikuwa inapita tu katikati bila kumujibu mutu.

Kulikuwa koleji mbili. Moja huku kwetu, ya bapere, bale mapadri. Ingine ngambo ya muto, ya bafrère, bale mabruda. Majina naacha. Sisi bashabiki tulibaita bachezaji yetu Mbenga, ile samaki ya meno. Bale ya ngambo tulibaita Ngolo, samaki ya matope, ya ndevu, bila magamba. Bao nao balikuwa na jina yao juu yetu, lakini sitaiandika hapa. Hii gazeti inaingia ndani ya nyumba ya batu ya heshima.

Ayi, ile mechi ya Mbenga na Ngolo! Mwanamuke ya huku mwenye aliolewa ngambo alikuwa anarudi kwa mama yake juma nzima, juu hawezi kupikia bwana mwenye anaimba wimbo ya Ngolo mbele ya chungu. Batu banaacha kusalimiana sokoni. Tonton yangu, ndugu ya mama, alikaa ngambo. Mwaka yenye Ngolo balishinda, alivuka muto na pirogue, akaja kusimama mbele ya papa yangu, akakohoa. Alikohoa tu, akarudi kwa pirogue yake. Papa hakula siku ile.

Mimi nilikuwa shabiki kupita bote. Nilikuwa binti mukubwa, kifua imejaa sauti. Niliimba, nilitukana, siku moja nilirarua kitambaa ya kichwa ya mama mwenye sikumujua. Lakini sikia vizuri, juu hapa njo mambo yote inasimama: sikuwahi kuona mechi mpaka mwisho. Hata moja!

Kazi yangu nyumbani ilikuwa kupokea samaki wakati papa anarudi kwa mitego, kuipasua, kuiweka kwa moshi. Saa yenye bachezaji banaenda kupumzika na kunywa mayi, ile bapere banaita mi-temps, mimi nilikuwa nashuka mbio kwenye muto. Matokeo nilisikia baadaye kwa makelele ya batu banaopanda njia. Donc ndani ya kichwa yangu mechi ilikuwa nusu. Ile nusu ingine nilifikiri inafanana na ya kwanza, sawa vile upande moja ya samaki inafanana na ingine.

Sasa kijana. Nitamuita Alfonsi. Alisoma koleji yetu, alicheza mbele kabisa, miguu mirefu, shati nyeupe siku zote. Alikuwa anakuja kwetu kutafuta samaki ya moshi yenye hakuhitaji. Alikuwa anaipeleka kwa chumba yenye bale banafunzi balilala, anaiweka chini ya kitanda, juu aliona haya kuitupa. Ile chumba ilinuka mpaka bapere bakafungua madirisha yote na kuuliza nani amekufa mule. Vile njo nilijua ananipenda.

Nami nilimupenda. Sioni haya kuandika, mume yangu alijua.

Siku moja Alfonsi akakuja na mukubwa ya jamaa yake, kofia mukononi, kusema na papa juu yangu. Papa alikuwa anafunga mutego, hakuinua kichwa. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta ya jikoni, sikio kwa udongo.

Papa akamuuliza, "Wewe njo unachezaka mbele?"

"Ndiyo, papa."

"Umekwisha kuingiza goli kwa batu ya ngambo?"

Alfonsi akasema kwamba alikaribia.

"Karibu," papa akasema. "Ile mulango ya goli iko kubwa sawa nyumba ya chifu. Mutu mwenye anashindwa kupitisha mupira mule, binti yangu nitamupa ya kazi gani? Ingiza moja kwa Ngolo, mbele ya macho yangu. Kisha ukuje, tutakunywa, na sitakuuliza tena kitu."

Alfonsi akavaa kofia akaenda. Mimi nikabaki na udongo kwa sikio. Maisha yangu yote ilikuwa imewekwa juu ya muguu ya kijana.

Bon. Mwaka yenye ilitangulia, mechi iliisha kwa bita, juu goli zetu hazikuwa na nyavu nyuma. Mupira ikapita karibu na muti ya pembeni, hawa banasema ndani, bale banasema inje, bakapigana na miavuli, ngoma mukubwa ya fanfare, ile bendi ya tarumbeta, ikapasuka. Safari hii père mukubwa, mwenye alikuwa arbitre vilevile, akashuka mwenyewe mpaka kwa maporomoko na kanzu yake nyeupe, kuomba papa nyavu mbili ya samaki. Akasema nyavu haisemi uongo: kama mupira imelala ndani yake, ni goli.

Papa alifurahi sana. Siku ile alitembea kifua mbele sawa yeye njo ametengeneza mupira. Akanipa kazi: kubeba nyavu yake mbili ya muzuri, kuenda kuifunga kwa goli, juu fundo yangu ilijulikana. Fundo yangu hata mbenga hakuikata.

Njo hapo nilianza kufikiri. Mutoto ya samaki haipashwe kufikiri juu ya mupira!

Kwetu nyavu mupya haiingie ndani ya mayi kabla mama ya nyumba hajasema nayo. Anatafuna tangausi, ile tangawizi, anaitemea, anaiambia kazi yake. Mama yangu alikuwa anazisemesha nyavu yote, na samaki ilikuwa inakuja. Nikajisemea: kama nyavu inasikia mambo ya samaki, itasikia ya mupira vilevile. Nitaambia ile ya goli ya Ngolo ikamate yote.

Lakini shabiki hashibe. Nikajisemea tena: na goli ya kwetu je? Kama Ngolo banaingiza ya kwao?

Nyumbani kulikuwa nyavu ingine, muzee, yenye tulikuwa tunafunika nayo kuku. Katikati ilikuwa na tundu yenye mbuzi inaweza kupita na pembe zake. Nikaacha nyavu moja ya muzuri kwa fito za kukaushia, nikachukua hii ya kuku. Ile tundu nikaifunga na fundo ya mulango.

Fundo ya mulango batoto ya leo habaijui. Ni ile yenye tunafungaka kwa mudomo ya mutego, kusudi kumwaga samaki bila kisu. Kwa macho imefungwa kabisa. Ukiisukuma na nguvu, inaachia pole pole, na nyuzi zinarudi chini sawa pazia. Nikajisemea: Ngolo bakipiga ndani, mupira itapita, itaanguka kule nyuma, nyavu itaonekana nzima, na père atasema inje. Nilijiona na akili kupita bote benye balisoma ndani ya ile koleji.

Nikamuuliza Alfonsi kwa njia Mbenga batalinda goli gani. Akasema ile ya karibu na nyumba ya bapere, siku zote banaanzaka kule. Neno "banaanzaka" nililisikia. Sikuliuliza!

Asubuhi ya mechi nikafunga nyavu. Ya kule mbali, kwa mingazi, ile michikichi, nyavu muzuri ya papa, nikaitemea tangausi nikaiambia: wewe, kamata yote. Ya huku, yenye mugongo yake ilikuwa kwa bustani ya salade ya bapere, nikaitemea nikaiambia: wewe, achilia. Kuku ya bapere balikuwa bananiangalia. Mupishi yao naye, mwenye alikuwa anamwagia salade mayi, akafanya alama ya musalaba.

Batu balijaa. Fanfare na ngoma yake ya kushonwa. Tonton alivuka na pirogue, shingo imefungwa kitambaa, kikohozi tayari. Papa alivaa koti na kofia ya harusi, akaketi mbele na bakubwa, anaonyesha kila mutu: ile nyavu yangu, na ile yangu. Na kwa sababu papa alikuwa pale, hakukuwa samaki ya kupokea. Mara ya kwanza ndani ya maisha yangu, nilikuwa na ruhusa ya kubaki.

Nilisimama karibu na mama mmoja munene mwenye aliuzisha lituma, ile ndizi ya kutwanga, na mwenye alijua kila muchezaji mpaka ugonjwa ya mama yake. Nusu ya kwanza ikapita bila goli. Alfonsi alipiga moja ikagonga muti. Nilitukana ile muti, nikatukana na mutu mwenye aliipanda.

Mi-temps. Bakakunywa mayi. Père akapiga filimbi. Bachezaji bakarudi, na nikaona Mbenga banakimbia kule kwa mingazi, na Ngolo banakuja huku kwa bapere.

Nikamuuliza mama ya lituma, "Mama, bale banapotea?"

"Banani?"

"Bachezaji. Banasimama kwa goli ya bengine."

Akaniangalia, ndizi mukononi. "Binti, miaka hii yote unatupasulia masikio, hujue kwamba banabadilishaka?"

Donc nyavu yenye niliambia kamata yote ilikuwa sasa nyuma ya gardien yetu, mulinzi ya goli. Na nyavu ya kuku, nyavu ya uongo, ilikuwa inangoja Alfonsi!

Nilikimbia. Surveillant moja, mulinzi ya banafunzi, akanizuia na fimbo, nikazunguka nyumba, nikaruka ukuta ya lupango ya bapere, nikapiga magoti ndani ya salade, nyuma kabisa ya goli, kusudi nifunge ile tundu na fundo ya kweli. Lakini mechi ilikuwa imekwisha kuanza, na gardien ya Ngolo alikuwa pale mbele yangu. Kijana mufupi, mabega mapana, mikono ya mutu ya pirogue. Nitamuita Dominiki. Akageuka akaniona kwa magoti.

"Dada, unaomba?"

"Naomba."

"Basi niombee na mimi," akasema, akarudilia mupira.

Ningefanya nini? Nikabaki kwa magoti.

Kule kwa mingazi nikasikia ngambo yote inalia kwa furaha. Ngolo balikuwa bameingiza. Nyavu ya papa ilitii. Ilikamata ile mupira vizuri kabisa, mama yangu angefurahi. Na kutoka mbali, kupita ngoma na nyimbo, nilisikia tonton anakohoa.

Kisha, karibu ya mwisho, Alfonsi akapata mupira. Sijui kueleza mambo ya miguu. Najua tu kwamba alipita moja, akapita mwingine, akainua kichwa, akapiga. Dominiki akaruka mwili muzima, vidole vikakosa. Ile mupira ikaingia katikati ya goli, sawa mutu mwenye anaingia nyumbani kwake. Ikagonga nyavu. Na fundo yangu zikaachia moja moja, bila makelele, na adabu yote. Mupira ikapita, nyuzi zikashuka sawa pazia, na mupira ikaanguka kwa magoti yangu, ndani ya salade.

Mbenga yote ikapiga kelele. Kisha ikanyamaza, juu nyavu ilikuwa tupu.

Père akakuja anakimbia na kanzu mukononi. Alikuwa mbali, jasho kwa miwani. Akaangalia nyavu, akaangalia mupira kwa magoti yangu. Alfonsi akamwambia imepita ndani.

"Nyavu iko nzima," père akasema. "Mupira ilipita namna gani? Sawa malaika?"

Wakati ile Dominiki alikuwa amesimama mugongo kwa nyavu, mikono nyuma, macho chini. Batu balisema, angalia ile kijana ya heshima, hata habishe. Mimi nilikuwa nyuma yake. Niliona vidole. Ile kijana alikuwa anafunga tundu, fundo kwa fundo, bila kuangalia, sawa mama mwenye anasuka nywele huku anasimulia.

Na père akanigeukia mimi. Batu bote banageuka. "Binti, wewe uko hapa karibu. Wewe uko mutu ya Mbenga, najua sauti yako, inanisumbua hata ndani ya misa. Mupira ilipita wapi?"

Nikaangalia Alfonsi. Alikuwa anatabasamu! Alijua nitasema. Nikaangalia papa, mbele ya bakubwa, na kofia ya harusi. Nikisema ndani, bataangalia nyavu. Bakiangalia nyavu, batajua haiko ile papa alitoa, bataona fundo ya mulango, na kila muvuvi pale atajua mukono ya nyumba gani iliifunga. Papa ataitwa mwizi ya goli mbele ya tonton.

Nikasema, "Inje, mon père."

Ee Mungu yangu! Neno moja. Na nani atabisha? Kama mutu ya Mbenga mwenyewe anasema goli ya Mbenga ilienda inje, hata shetani atasadiki.

Alfonsi hakunitukana. Aliniangalia sawa mutu mwenye amepigwa na mukate. Kisha akaketi chini, katikati ya goli, mpaka bakamuinua. Mbenga balishindwa na ile goli moja.

Jioni ile ile alifika kwa papa. Akaapa kwa mama yake kwamba iliingia. Papa hakuwa mukali, alikuwa na huzuni tu. Akamwambia, "Mutoto yangu, hata ule mwenye anakutaka alisema inje." Na vile jina ikazaliwa. Kesho yake batoto ya njia balikuwa banamuita Alfonsi Inje.

Ile siku ya mechi, niliporudi kufungua nyavu, nilikuta tundu imefungwa na fundo yenye haikuwa ya kwetu. Ilikuwa ya ngambo, ya kuzungusha mara mbili. Muzuri, nguvu, niliikata na kisu. Dominiki alikuwa anangoja karibu ya lupango, bengine bamekwisha kushuka kwa pirogue.

"Ile fundo ya mulango, ni wewe?" akauliza.

"Ni mimi. Utasema?"

"Nikisema, mimi napoteza mechi. Ukisema, wewe unapoteza papa yako." Akafikiri. "Lakini uliifunga vibaya. Ingeachia hata na upepo."

Hakuna mutu alikuwa amekwisha kuniambia fundo yangu iko mubaya. Nilikasirika siku mingi. Kila siku ya Mungu, Jumapili, alivuka muto kuja kunionyesha namna ya kweli ya kufunga, na kila siku ya Mungu nilimwambia yake njo mubaya. Mambo iliendelea vile mpaka ndoa. Tonton njo alileta habari kwa papa, na kwa heshima ya siku ile hakukohoa.

Papa yangu alikuwa ameona ile nyavu yake muzuri kwa fito, kavu, jioni ya siku ya mechi. Aliishika, akaniangalia, akairudisha. Hakuniuliza kitu mpaka kufa kwake. Lakini kofia ya harusi hakuivaa tena kwa mupira.

Alfonsi alipanda mashua, akaenda Basoko kufundisha batoto. Akaoa bibi ya kule Banalia, akarudi, akajenga Mangobo, mtaa ya hapa muji. Jina ilimutangulia, ilimungoja kwa bivuko. Inje. Kisha Papa Inje. Mutoto yake akikosa mutihani, banasema ameenda inje. Akichelewa kwa misa, inje. Na kila mahali, kwa harusi, kwa kilio, kwa kinyozi, yeye alikuwa na neno moja tu: ile mupira iliingia. Batu banacheka mpaka banashika mbavu.

Tukirudi nyumbani, Dominiki yangu alikuwa anavua viatu, anasema pole pole, "Lakini kweli iliingia." Nami najibu, "Nyamaza, ulale." Vile tuliishi, ndoa muzuri, na goli ya mutu chini ya kitanda sawa ile samaki ya moshi.

Tulipatana kwamba mwenye atabaki, yeye njo atasema. Nilitumaini kwamba atabaki yeye. Amenishinda tena.

Kwa matanga yake, Alfonsi akakuja na fimbo yake, akaketi na vijana, akawaambia huyu marehemu alikuwa gardien muzuri, lakini moja ilimupita. Vijana bakacheka. Mujukuu yangu mwenyewe alicheka mpaka chai ikamutoka puani. Nikamupiga kofi. Na mukono yangu ikabaki hewani, juu nilijua nimepiga mutu asiye na kosa, na mwenye kosa njo mwenye mukono.

Alors nikachukua samaki, kapitaine mukubwa ya moshi, nikapanda nyuma ya toleka, ile baiskeli ya kubeba batu, mpaka Mangobo. Dereva nilimugombeza njia yote, alikuwa anakanyaga sawa amelala.

Nilimukuta mbele ya nyumba na bibi yake, mama mupole mwenye sijawahi kusikia sauti yake. Kwanza nilimwambia lupango yake haikufagiliwa vizuri, juu iko kweli. Kisha nikakaa, nikaweka samaki kwa magoti yake, nikasema yote. Nyavu ya kuku. Tangausi. Fundo. Salade. Neno yangu mbele ya père. Sikuficha kitu. Nililia vilevile, kidogo, na sipendi.

Mukono ya Alfonsi ilikuwa inapapasa ile samaki sawa paka.

"Donc iliingia," akasema.

"Iliingia, katikati kabisa."

"Na papa yako angenipa wewe?"

"Neno ya papa haikurudi nyuma. Angekupa siku ile ile. Leo mimi njo ningekuwa bibi yako."

Akaniangalia. Akaangalia fimbo yangu, ile nachapaka nayo batu. Akaangalia kwenye nilisema hakufagia. Akageuka kwa bibi yake, mwenye alikuwa anatuletea mayi ya kunywa kwa mikono mbili, bila makelele, anachekelea tu. Akarudi kuniangalia, pole pole, kutoka kitambaa mpaka viatu.

"Mama," akasema, "uzee iko kitu mubaya, umesahau. Ile mupira ilienda inje."

"Alfonsi, ilianguka kwa magoti yangu!"

"Inje kabisa. Nilionaka na macho yangu."

Na bibi yake, mwenye sijawahi kusikia sauti yake, akacheka. Iko na sauti kubwa, kumbe.

Tangu siku ile Papa Inje anatembea Mangobo yote anasema alikosa, père alikuwa na haki, Mungu anajua kazi yake. Jina anaibeba sawa medali. Siku ya Mungu alinipungia mukono kwa mulango ya kanisa: "Mama, Inje anakusalimia." Na sasa batu bananiambia mimi njo muongo. Mimi!

Donc ninaandika hapa, kusudi isomwe. Wee musichana mwenye unapenda mupira: bakikuuliza mbele ya batu, sema kweli palepale, hata kama papa yako amevaa kofia. Usiiweke. Mimi nilibeba goli ya mutu maisha muzima, na siku nilimurudishia, mwenyewe ameikataa mukononi. Iko kwangu tena. Sina pa kuipeleka. Na mechi, muangalie mpaka mwisho, batoto yangu, banabadilishaka upande!

Ile mupira iliingia. Niliona mimi, na aliona marehemu.

Na samaki yangu, Papa Inje alikula yote, mpaka kichwa.